Simu Tatu kwenye Baraza la Abdalah

Asubuhi za Mabamba huanza na baridi. Ukungu hukaa bondeni upande wa Burundi, na watu hupita barabarani wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Wenye majembe wanaelekea shamba. Wenye mizigo kichwani wanawahi soko. Husalimiana kwa lugha ya kwao, "Mwakeye," kisha kila mtu anashika njia yake.

Njia ya Veronica ilikuwa fupi. Alimwandaa mtoto wake Herieth kwenda shule, alifagia uwanja, alimwachia mumewe uji, kisha alikwenda dukani kwa Abdalah. Veronica alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza la duka hilo, na cherehani yenyewe ilikuwa ya Abdalah. Aliikodi.

Mumewe, Evaristi, alikuwa mkulima wa maharage. Alikuwa mtu wa maneno machache na uhakika mwingi. Akisema mbuzi huyu ana afya, basi ana afya. Akisema leo hakuna mvua, alianika maharage yake hata kama wingu limekaa juu ya kichwa chake. Mara nyingine alipatia. Mara nyingine maharage yaliloa, na aliyelaumiwa ni wingu.

Mwaka 2014, mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha, simu ndogo ya Veronica iliita. Aliyepiga ni Bi. Asia, mfanyabiashara wa Kibondo mjini. Alikuwa anamwoza mpwa wake baada ya Idi.

"Fundi, nimeliona gauni ulilomshonea yule mwalimu wa Kumsenga," alisema. "Nimelipenda. Upande wa bibi harusi tunataka sare, wanawake wote, wakubwa kwa wadogo. Lakini siamui peke yangu. Tuna kamati. Wengine wako Kasulu, wengine Kigoma mjini. Nitumie picha za mishono yako kwa WhatsApp, nami nitawarushia wenzangu. Tunaamua Jumapili."

"Bi. Asia, si nikuletee magauni yenyewe?"

"Ukiniletea mimi, wa Kasulu wataona nini? Tuma picha. Mafundi wa hapa Kibondo wameshatuma zao."

Veronica aliitazama simu yake. Ilikuwa na tochi. Ilikuwa na redio. Kamera haikuwa nayo.

Jioni alimweleza mumewe. Evaristi alikuwa anapeta maharage uwanjani.

"Baba Herieth, kazi hii nikiipata, nitanunua cherehani yangu mwenyewe," Veronica alisema. "Nikiikosa, nitaendelea kushona viraka vya suruali za watu kwenye cherehani ya kukodi, mpaka macho yangu yaishe."

Evaristi aliweka ungo chini. "Kesho nakununulia simu ya kupangusa."

"Unazijua?"

"Simu ni kitu cha kujua? Nimechagua mbuzi maisha yangu yote. Nitashindwa simu?"

Veronica alijua nani wa kuulizwa. Shadia, mke wa Abdalah, ndiye aliyezijua simu. Kabla ya kuolewa, Shadia aliziuza na kuzitengeneza pamoja na mjomba wake katika soko la Kasulu. Lakini siku hizo alikuwa amekwenda huko huko Kasulu kumsalimia mama yake.

Kesho yake Evaristi alikwenda kwenye meza ya Tamimu, muuza simu. Tamimu alimwonyesha simu mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama meno ya tajiri. Nyingine ilikuwa nyeusi, ya kawaida tu.

Evaristi aliiweka moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto. Ya dhahabu ilikuwa nzito. Akaridhika. Akaomba zipigwe muziki. Ya dhahabu ilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Akaridhika zaidi.

Kisha akapima kile ambacho kila mtu wa Mabamba hukipima kwanza. Mtandao wa Mabamba ni wa shida. Kuna watu hupanda kilima ili wapige simu. Kwa hiyo simu ikiletwa, watu huangalia vile vijiti vya mtandao juu ya kioo. Vikijaa, simu ni nzuri. Vikipungua, simu ni mbovu. Hivyo ndivyo walivyoamini.

Tamimu aliitia laini ya Evaristi kwenye ya dhahabu. Vijiti vilijaa vyote. Akaihamishia kwenye nyeusi. Vikatokea viwili.

"Umeona?" Evaristi alisema. "Hiyo nyeusi ni mgonjwa."

"Mzee, hiyo nyeusi wanaoinunua hawarudi kulalamika," Tamimu alisema.

"Watarudije, na hawana mtandao wa kukupigia?"

Tamimu akacheka. Hakubishana tena. Aligeuza boksi la ile ya dhahabu. Lilikuwa limejaa namba kubwa kubwa. Kamera megapikseli nane. Prosesa nne. GB kadhaa. Evaristi hakujua namba hizo ni za nini, ila zilikuwa nyingi, na wingi ulimpendeza. Akalipa. Risiti hakuomba.

Nyumbani Veronica aliipokea simu kwa mikono miwili. Herieth aliruka ruka. Simu ilikuwa imevikwa nailoni ya kiwandani, mbele na nyuma.

"Nailoni msiibandue," Evaristi alisema. "Ndiyo inayoilinda."

Furaha hiyo haikudumu. Abdalah aliwasaidia kuweka WhatsApp, na simu ikaanza vituko. Veronica akifungua kamera, WhatsApp inajifunga. Akirudi WhatsApp, kioo kinaganda kama ugali wa jana. Adhuhuri haijapita, chaji imekwisha. Na vocha zikawa zinayeyuka. Aliweka moja, akatuma picha moja, salio likatoweka. Akaweka nyingine, ikatoweka pia.

Picha nne zilifika kwa Bi. Asia. Naye akapiga simu.

"Fundi, umenitumia gauni au umenitumia ukungu wa Mabamba?"

"Ni gauni, Bi. Asia."

"Na hii rangi ni ya udongo?"

"Ni waridi."

"Mimi nakuamini. Lakini kamati inaamini macho yake. Tuma nyingine kabla ya Jumapili. Zikiwa kama hizi, nitashindwa kukutetea."

Veronica hakumgombeza mumewe. Alikaa kwenye cherehani, akashona kiraka cha suruali, kimya. Evaristi aliona afadhali angegombezwa.

Ijumaa asubuhi gari kutoka Kasulu lilimshusha Shadia. Lilimshusha pia Pasikali, kaka yake Veronica, ambaye alikuwa anafanya kazi ya ujenzi huko. Pasikali alikuwa na simu mpya mfukoni. Nusu ya simu ilikuwa imetokeza nje, maana mfuko haukuitosha.

"Shemeji, nasikia mmenunua simu," Pasikali alisema, hata chai hajanywa. "Hebu niione. Ah. Hii ni simu au kipande cha sabuni?"

"Na hiyo ya kwako ni sinia," Evaristi alijibu. "Ukipokea simu, watu wanadhani unajificha uso kwa sababu ya madeni."

"Kioo changu unaona sinema."

"Yangu inasikika mpaka mtoni."

"Mtoni kuna nani anayetaka kukusikia?"

Watu wa sokoni wakaanza kukusanyika. Wengine wakawa upande wa dhahabu, wengine upande wa sinia. Ikawa kama Simba na Yanga. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakuwa na simu ya aina yoyote, ndiye aliyebishana kuliko wote.

Shadia alikuwa amekwisha kuweka mizigo yake ndani. Alitoka na kikombe cha chai, akawasikiliza. Kisha akamgeukia Veronica.

"Dada, nimeambiwa yaliyokupata. Jumapili ni keshokutwa. Hawa wawili tuwaache wabishane, au unataka tuzipime?"

"Tuzipime," Veronica alisema.

"Tamimu," Shadia aliita, "njoo na ile nyeusi. Ije nayo."

"Hiyo haina mtandao," Evaristi alisema.

"Shikamoo, baba Herieth. Hatujaanza, umeshatoa hukumu?"

Watu wakacheka. Evaristi aliitikia salamu na kukaa kwenye gunia la chumvi.

Shadia aliziweka simu tatu kwenye meza ya Veronica ya kukatia vitambaa. Ya dhahabu, sinia, na nyeusi.

"Swali la kwanza," alisema. "Simu hii inatafutwa kwa kazi gani?"

"Kazi ya simu," Evaristi alijibu.

"Na jembe ni la kazi ya jembe, sivyo? Lakini jembe la palizi si jembe la kuvunjia pori. Dada Veronica, wewe unataka ikufanyie nini?"

Veronica alifikiri. "Ipige picha ya nguo mpaka mshono uonekane. Iitume bila kuganda. Na ikae na chaji mpaka jioni, maana mimi umeme wangu ni sola ya Abdalah tu."

"Vizuri. Hayo ndiyo tutakayopima. Muziki, uzito na rangi ya dhahabu havimo."

"Uzito usiwemo kwa nini?" Evaristi aliuliza. "Kitu kizito kina vitu ndani."

Shadia alifungua mfuniko wa nyuma wa ile simu ya dhahabu. Akamwonyesha spika kubwa, na bamba la bati lililobandikwa ndani ya mfuniko. "Ndivyo hivi. Umenunua bati."

Pasikali alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ngoja wewe, zamu yako inakuja," Shadia alimwambia. Kisha akagonga meza ya kukatia kwa kidole. "Dada, wewe fundi, utanielewa upesi. Ndani ya simu kuna mambo matatu. Kuna fundi anayefanya kazi. Huyo anaitwa prosesa. Kuna meza anayofanyia kazi. Hiyo ni ram. Halafu kuna kabati la kuwekea vitambaa. Hiyo ni hifadhi ya ndani."

"Sawa," Veronica alisema.

"Sasa, ukiwa na meza ndogo, unaweza kutandika kitambaa kimoja tu. Ukitaka kukata kingine, lazima kile cha kwanza ukiondoe. Ndiyo maana ukifungua kamera, WhatsApp inajifunga. Meza haitoshi."

"Lakini boksi limesema prosesa nne," Evaristi alisema. "Ni mafundi wanne hao."

"Boksi linasema. Tuiulize simu yenyewe."

Shadia aligusa alama ya gurudumu lenye meno, akaingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka mahali palipoandikwa habari za simu. Akasoma kwa sauti. Prosesa ilikuwa moja. Ram ilikuwa MB 256. Hifadhi ya ndani ilikuwa ndogo mno, na nusu yake ilikuwa imeshajaa.

"Fundi mmoja, baba Herieth. Na meza yake ni kigoda."

Akashika sinia ya Pasikali. Ilikuwa na prosesa mbili na ram ya MB 512. "Hapa mafundi ni wawili, meza ni nusu ya inayotakiwa. Wanapigana viwiko."

Mwisho akaichukua nyeusi. Prosesa nne, ram ya GB moja, hifadhi ya GB nane. Watu wakasogea karibu.

"Na ukurasa huo hauwezi kudanganya?" Abdalah aliuliza kutoka ndani ya duka.

"Unaweza, mume wangu. Kuna simu feki zinaandika uongo mpaka ndani. Ndiyo maana hatuishii kwenye kusoma. Tunazipa kazi. Zote kazi moja, mahali pamoja, wakati mmoja. Mkizipa kazi tofauti, mtabishana mpaka mvua za masika."

Alitundika gauni la waridi kwenye mlango wa duka, kwenye kivuli. Gauni lilikuwa na nakshi ya uzi mweupe shingoni. Akapiga picha moja kwa kila simu. Kisha kwa kila simu akafungua WhatsApp, akarudi kwenye kamera, akarudi tena WhatsApp.

Ya dhahabu iliganda palepale. Sinia ilifika, lakini kwa kuchechemea. Nyeusi ilikwenda na kurudi kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni.

"Sasa tukuze picha," Shadia alisema. "Tutafute uzi mweupe."

Kwenye sinia uzi ulionekana. Kwenye nyeusi uzi ulionekana pia, na waridi ilikuwa waridi. Kwenye ya dhahabu hakukuwa na uzi wala shingo. Shadia aliigeuza nyuma. Aliitazama, akaitazama tena, akaanza kucheka polepole.

"Nani alisema nailoni isibanduliwe?"

Herieth, ambaye siku hiyo alikuwa amewahi kutoka shule, alimtazama baba yake.

"Ni mimi," Evaristi alisema.

"Kamera imefunikwa na nailoni. Imekuwa ikipiga picha ya nailoni siku zote hizi."

Shadia alikunja kona moja tu ya nailoni, pale penye kamera, akapiga tena. Picha ilipata nafuu kidogo, lakini uzi haukuonekana.

"Kamera yenyewe hailengi," alieleza. "Angalieni hii nyeusi. Nikigusa kioo hapa penye nakshi, inatulia, inalenga, halafu inapiga. Boksi la dhahabu limeandika kamera ya megapikseli nane, hii nyeusi imeandika tano. Lakini tano inayolenga inaishinda nane ya kwenye karatasi. Msinunue namba. Pigeni picha, ikuzeni, muone."

Evaristi alijikuna kichwa. Bado alikuwa na silaha moja.

"Na mtandao? Hiyo nyeusi ina vijiti viwili. Ya kwangu vimejaa. Hilo nililiona kwa macho yangu."

"Umeona vijiti. Umeona jina?"

"Jina gani?"

Shadia alimsogezea simu. Juu ya vijiti kulikuwa na jina la mtandao kwa herufi ndogo. Evaristi alilisoma taratibu, herufi kwa herufi. Halikuwa jina la mtandao wake. Lilikuwa la kampuni ya Burundi.

"Mnara wenye nguvu hapa kwetu ni wa ng'ambo," Shadia alisema. "Simu yako imejaza vijiti kwa sababu imevuka mpaka. Ile nyeusi ilikuwa imebaki Tanzania. Dada Veronica alikuwa anatuma picha kwa bei ya nje ya nchi. Ndiyo maana vocha zilikuwa zinayeyuka."

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Mama muuza ndizi alisema, "Kumbe shemeji wa Pasikali kila siku anakwenda Burundi bila kibali." Hata Evaristi alicheka. Alijaribu kujizuia, ikashindikana.

"Hapo si kosa la simu peke yake," Shadia aliendelea kicheko kilipopungua. "Simu yoyote hapa Mabamba inaweza kuvuka. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao, unachagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono, na unazima intaneti ya nje ya nchi. Halafu angalia kama simu inashika 3G, maana picha inasafiri haraka zaidi huko. Hii ya dhahabu haina 3G kabisa."

Pasikali alikuwa anatabasamu. "Basi ya kwangu imeishinda ya shemeji. Andikeni."

"Tumebakiza chaji," Shadia alisema.

Simu zote tatu zilijazwa chaji kwenye sola ya Abdalah. Kisha zikapewa kazi sawa. Picha, ujumbe, kukaa, picha tena. Ya dhahabu ilikufa ya kwanza. Watu hawakushangaa. Jua lilipoanza kuinama, sinia ikazima ikiwa mikononi mwa Pasikali mwenyewe, akiwaonyesha vijana sinema.

"Mbona betri yangu ni kubwa?" alilalamika.

"Betri yako na ya nyeusi zinalingana," Shadia alisema. "Lakini kioo ndicho kinachokula chaji kuliko vyote, na cha kwako ni mlango wa kabati. Wewe Kasulu una umeme wa ukutani. Kwako inafaa, utazame sinema zako. Kwa dada yako haifai."

Nyeusi ilikuwa bado ina chaji. Evaristi aliichukua. Aliipima mkononi kwa mazoea, kisha akajistukia, akaacha kuipima.

"Mama Herieth," alisema.

"Abee."

"Nimekosea."

"Sijasikia."

"Umesikia."

Veronica alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Bi. Asia apige simu, na Evaristi alihisi kama ametuliwa gunia begani.

Kikabaki kitu kimoja, kubadilisha simu. Tamimu alisema simu ikiuzwa imeuzwa. Evaristi hakuwa na risiti. Lakini Shadia alimwonyesha Tamimu ile nailoni. Simu ilikuwa imevikwa vile vile kama ilivyotoka kiwandani, ila kona moja tu.

"Tamimu, mdogo wangu," Shadia alisema, "mrudishie aliyekuletea, umwambie boksi linasema uongo. Watu wote hawa wamesikia. Usipoirudisha, utamuuzia nani tena hapa Mabamba?"

Tamimu aliwatazama watu. Watu walimtazama Tamimu.

"Nyeusi ni ghali zaidi," alisema.

"Naongeza debe la maharage," Evaristi alisema.

"Maharage yaliyoloa au makavu?"

Hapo hata Abdalah alitoka nje ya duka ili acheke vizuri. Wakapatana debe moja, makavu, Tamimu achague mwenyewe. Safari hii Evaristi alidai risiti. Alidai pia karatasi ya waranti. Akamwomba Shadia aisome yote kwa sauti, na yeye akaisikiliza yote.

Jumamosi asubuhi Veronica alibandua nailoni kwa mkono wake. Alifuta kamera kwa kitambaa laini. Shadia alivaa magauni, moja baada ya jingine, na kusimama kwenye kivuli cha baraza. Mwanga ulitoka nyuma ya mpiga picha, siyo nyuma ya Shadia. Veronica aligusa kioo penye nakshi, akangoja ilenge, akapiga. Akachagua mtandao wa Tanzania. Ulikuwa na vijiti viwili tu. Picha zikaondoka moja moja, polepole, lakini zikaondoka. Zikafika.

Jumapili, baada ya ibada, Veronica hakuweza kula. Evaristi naye alijifanya anapeta maharage yaliyokwisha kupetwa. Simu ilikuwa juu ya kigoda katikati yao. Ilipoita, Herieth ndiye aliyewahi kuinua.

"Mpe mama," Evaristi alisema.

"Fundi," Bi. Asia alisema, "dada zangu wa Kasulu wameikuza picha mpaka wameuona uzi. Mmoja ni mbishi, yeye hapendi kitu. Amesema mshono wa pili, wenye nakshi shingoni, na mkono uongezwe kidogo. Kamati imekubali. Njoo Kibondo uchukue vipimo na malipo ya mwanzo."

Veronica alisema asante, akasema tena, akasema tena. Kisha akakaa chini kwenye vumbi akiwa na gauni lake la kanisani.

Mwezi wote wa Ramadhani alishona. Alinunua cherehani yake kabla kazi haijafika nusu. Ile ya Abdalah hakuirudisha. Alimweka Adija, binti wa jirani aliyekuwa anajifunza, aitumie. Vipimo vikitatanisha, alipiga picha, akamtumia Bi. Asia na kuuliza. Evaristi ndiye aliyeipeleka simu kwenye sola na kuirudisha, na njiani hakumruhusu mtu yeyote kuigusa.

Baada ya Idi walikwenda harusini. Ukumbi wa Kibondo ulijaa. Wanawake wa upande wa bibi harusi waliingia kwa mstari, wote waridi, nakshi nyeupe shingoni, wazee kwa watoto. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye bati. Wanawake wa upande wa bwana harusi waliacha kula. Walitazama shingo za wenzao, wakanong'onezana, wakaanza kuuliza fundi ni nani. Bi. Asia, ambaye hakujua kunong'ona, aliwatajia namba ya Veronica kwa sauti.

Simu nyeusi ikaanza kuita kwenye mkoba wa Veronica, mikononi mwa Evaristi. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, namba nyingine. Evaristi alimtafuta mkewe kwa macho. Veronica alikuwa katikati ya ukumbi, mikono juu, kati ya magauni aliyoyashona mwenyewe, anacheza.

Evaristi akaipokea.

"Fundi anacheza," alisema. "Piga kesho."